Kaka anataka kuuza shamba binti akasome fedha Marekani. Nimzuie au nimwache?

Shangazi_Bombo

Assalaam aleikum nyote, na wasio wa salaam hiyo habari za jioni.

Naomba mnisaidie kabla ya kikao cha ukoo Jumamosi ijayo. Binti ya kaka yangu amemaliza Senior Six, kidato cha sita cha hapa Uganda. Alisoma Fizikia, Uchumi na Hesabu. Hesabu kapata A, Uchumi A, Fizikia C, na zile pointi mbili ndogo za General Paper na ICT kazipata zote. Jumla 18. Nyumbani tulichinja kuku wawili siku hiyohiyo.

Tatizo ni kazi anayoitaka. Anasema benki ya uwekezaji. Si ile ya kukaa dirishani kuhesabu noti. Anataka ya kuuza makampuni, kutafutia mashirika mikopo mikubwa na kupeleka hisa sokoni. Ugonjwa huu ulimwingia shule zilipofungwa kwa korona. MTN, kampuni ya simu, walikuwa wanauza hisa zao mwaka ule wa 2021, shilingi 200 hisa moja, baba yake akanunua 500 kwa laki moja, na mtoto ndiye aliyemjazia kwenye simu. Toka hapo kila asubuhi anaangalia bei, mpaka tukamwita Gavana, kama yule wa Benki Kuu.

Sasa kuna wakala wa vyuo vya nje amempata chuo kimoja jimbo la Ohio, kozi ya Fedha. Wanampa nusu ya gharama. Nusu iliyobaki, pamoja na chakula na kulala, ni kama dola 24,000 kwa mwaka, kwa miaka minne. Kaka anataka kuuza ekari tano za kahawa Luweero, ambazo kwa hesabu yake zinalipa mwaka wa kwanza na sehemu ya mwaka wa pili, halafu "Mungu atafungua". Wakala anasema mtoto akimaliza pale anaingia New York moja kwa moja.

Hapa nyumbani ameomba MUBS, chuo cha biashara cha Nakawa, kozi ya Fedha, na Chuo Kikuu cha Makerere ameandika Takwimu na Takwimu Bima, ile ya kupima hatari kwa hesabu. Kuna pia mtu anatuambia chuo cha Strathmore, Nairobi. Mimi ni mwuguzi, mambo ya hisa sijui. Nisaidieni kwa lugha ya kawaida.

Rolex_Mbili

Kwa bei ya kahawa ya miaka hii, mwambie kaka auze kahawa aache shamba.

Dalali_Mstaafu

Shangazi, nilikuwa kwenye biashara ya hisa Kampala miaka mingi, sasa nafuga kuku Kira. Nitasema ninayoyajua, na usinikasirikie.

Kwanza mtoto alijue soko lenyewe. Soko la hisa letu lilipata leseni 1997, biashara ya kwanza ikafanyika Januari 1998, na hata haikuwa hisa. Ilikuwa hatifungani, yaani hati ya mkopo, ya Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, EADB. Hisa zilianza na Uganda Clays mwaka 2000. Sasa hesabu mwenyewe mauzo makubwa ya hisa kwa umma ya karibuni. Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme, 2012, shilingi 275 kila hisa. Cipla, watengeneza dawa, 2018. MTN 2021. Airtel 2023. Mara nne katika miaka kumi na mmoja! Na yale mawili ya simu hayakujaa: MTN waliweka sokoni asilimia 20 ya kampuni, zikanunuliwa kama 13, Airtel nao wakaweka 20, zikaenda karibu 11. Shughuli inayokuja kila baada ya miaka miwili mitatu italisha vijana wangapi? Kwa makisio yangu, watu waliokaa chini wakajenga hesabu za dili zile nne hapa mjini wanaenea kwenye taxi mbili, na konda anabaki na kiti.

Ndiyo maana kazi hiyo Kampala imejificha ndani ya nyumba nyingine. Iko kwenye idara za makampuni makubwa za Stanbic, Absa, Standard Chartered na Citi. Iko kwa madalali wa hisa kama SBG Securities na Crested Capital. Iko kwenye vitengo vya ushauri wa dili vya yale makampuni manne makubwa ya ukaguzi. Kidogo iko Uganda Development Bank na hiyo EADB, ambayo makao yake yako hapahapa Kampala. Na upande wa wanunuzi iko NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yenye mali zaidi ya shilingi trilioni 20, ambayo bila hiyo hakuna dili la shilingi linalofungwa nchi hii.

Pesa ya kweli ya mji huu iko kwenye madeni. Angalia bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443. Machi 2025 walitangaza fungu la kwanza la mkopo wa nje, na kwenye orodha ya wakopeshaji mlikuwa na Afreximbank, Standard Bank, Stanbic ya Uganda na KCB ya Uganda. Kijana aliyekaa upande wa benki kwenye mkopo wa namna ile anaulizwa: bomba likichelewa mwaka mzima, riba inalipwa na nani? Ada ya kupitisha pipa moja ikishuka, mkopo bado unalipika? Hayo yote anayaweka kwenye Excel mpaka usiku wa manane, na asubuhi bosi anabadilisha namba moja, kila kitu kinaanza upya.

Katika miaka yangu yote sikuona mtu wa kazi hiyo akiulizwa kozi yake inaitwaje. Wanauliza, unaweza kujenga modeli, yaani kuikadiria kampuni kwa hesabu za Excel? Nani anakufahamu? Basi.

Mwalimu_Arua

Nafundisha Hesabu Senior Five na Six. A ya Hesabu pamoja na A ya Uchumi si kitu cha kupeleka kwenye kozi ya kukariri maana ya neno "masoko". Nisameheni wa masoko.

Shangazi, vyuo vya serikali havihesabu zile 18 kama mlivyohesabu nyumbani. Kila kozi ina masomo yake ya lazima, pointi zake zinazidishwa kwa 3, yanayofuata kwa 2. Kwa kozi za takwimu Hesabu ndiyo ya kwanza, kwa hiyo A yake inazaa sana pale. Na mtoto wa kike anaongezewa pointi 1.5. Msipuuze nafasi ya udhamini wa serikali. Wengi wanajaza fomu ovyo, wanaweka kwanza kozi yenye jina tamu, wanabaki nje.

Mimi ningeandika Takwimu Bima ya kwanza, Takwimu ya pili, Fedha ya tatu. Fedha ataisoma hata kitandani. Hesabu ya mwaka wa pili wa chuo hakuna mtu anayejifunza peke yake kitandani, nimejaribu.

Kijana_wa_Nakawa

Mwalimu punguza kidogo. Mimi nimetoka hukohuko MUBS, kozi ya Fedha, na leo nafanya kazi ya kuthaminisha makampuni. MUBS ilizaliwa 1997 kwa kuunganisha kitivo cha biashara cha Makerere na chuo cha biashara cha Nakawa, kwa hiyo wahitimu wake wamejaa kila benki mjini. Ukienda kuomba mafunzo kazini, kuna uwezekano mkubwa anayefungua mlango alikalia benchi lilelile. Hicho Takwimu hawakupi kirahisi.

Lakini niseme ukweli kwa sababu ya huyo binti. Usaili wangu wa kwanza ulikuwa kwenye kampuni moja hapa mjini. Waliniweka mbele ya kompyuta na karatasi mbili: taarifa ya mapato na mizania ya kampuni ya saruji. "Tengeneza mtiririko wa fedha wa miaka mitano ijayo, una saa moja na nusu." Nilikuwa na shahada mkononi, daraja la pili la juu, na sikujua nianzie seli gani. Darasani tulikuwa tumefanya hesabu hizo kwa kalamu, mwaka mmoja mmoja, na majibu yalikuwa nyuma ya kitabu. Nilitoka pale nikanywa soda peke yangu Lugogo kama mfiwa.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho namshauri afanye mapema. Profesa Aswath Damodaran wa chuo cha biashara cha New York University, Stern, ameweka masomo yake yote ya kuthaminisha makampuni kwenye intaneti, bure, video na mitihani na faili zake za Excel. Kila Januari anaweka na takwimu mpya za sekta zote. Nilinunua data za usiku miezi minne, nikayamaliza. Kisha nikachukua taarifa za mwaka za kampuni zilizoko soko letu, ambazo nazo ni bure, nikazijengea modeli moja moja. Usaili wa tatu ndio ulionipa kazi, na walichotaka kuona ni hizo faili.

Kwa hiyo Nakawa si mbaya. Ila asiende akidhani jina la kozi ndilo ujuzi.

Mjomba_Ntinda

Naona wote mnamfungia mtoto ndani ya Kampala. Shamba linanunulika tena. Nafasi ya Marekani ikipita imepita. Mwanangu yuko nje, mwaka wa tatu, na hata namna anavyoongea na watu wakubwa imebadilika. Huwezi kupata hiyo Wandegeya. Sisi Waafrika tukiambiwa tutoe mali kwa ajili ya harusi tunatoa, kwa ajili ya elimu tunaitisha kikao!

Shangazi_Bombo

Mjomba, umenigusa, maana harusi ya mwaka jana kweli tuliuza ng'ombe. Lakini mwanao anasoma nini, na nani analipa?

Mjomba_Ntinda

Uhandisi. Serikali ya huko inalipa yote.

Rolex_Mbili

Mjomba kauza shamba la watu wengine.

Yupo_Indiana

Nimeisoma hii nikiwa kazini, nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni mtu wa Mbale, niko huku mwaka wa tisa. Nilikuja na ndoto hiyohiyo ya New York. Sasa nafanya kazi ya hesabu kwenye kampuni ya bima, naishi vizuri, silalamiki. Lakini shangazi, huyo wakala anacheza na shamba lenu.

Huku mabenki makubwa hayaajiri kwa kusubiri watu wamalize chuo. Wanachukua wanafunzi kwa mafunzo ya kiangazi kama wiki kumi, kati ya mwaka wa tatu na wa nne, na wengi wa hao ndio wanapewa kazi. Kibaya zaidi, kuomba hayo mafunzo siku hizi kunaanza mwaka wa pili. Kwa hiyo mtoto anayetoka Luweero ana kama miezi kumi na nane tangu ashuke kwenye ndege: ajue baridi, ajue lafudhi, apate alama za juu, aingie kwenye klabu za wanafunzi wa fedha ambazo nazo zina usaili wake, na ajuane na watu wa benki kwa simu na barua pepe. Wenzake waliokulia huku wameshaanza na wajomba zao.

La pili, mabenki hayo yana vyuo yanavyovitembelea, na vingine hayavitembelei. Shule za biashara za Wharton, Stern na Ross ya Michigan ni njia zao za kila mwaka. Hapa jirani na mimi, Kelley ya Indiana, wana darasa maalumu la benki ya uwekezaji ambalo mwanafunzi lazima aombe na achaguliwe, na hao waliochaguliwa ndio wanaoenda New York kwa wingi, si kila mwenye shahada ya Kelley. Sasa chuo ambacho wakala mwenyewe ndiye anakitangaza, mwulizeni swali moja: mwaka jana wahitimu wangapi wa kozi hiyo waliingia benki gani, na kati yao wageni wenye viza ya masomo walikuwa wangapi? Akileta picha ya majengo, mmejibiwa.

La tatu ni viza, na hapa jina la kozi lina kazi kweli. Mwanafunzi mgeni akimaliza anapewa miezi 12 ya kufanya kazi. Kozi yake ikiwa kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, anaongezewa 24. Fedha ya kawaida haimo kwenye orodha hiyo, uchumi wa kihesabu umo. Mwajiri akimtazama wa kwanza anaona mwaka mmoja, akimtazama wa pili anaona mitatu. Baada ya hapo ni bahati nasibu ya viza za kazi, 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Mimi nimeicheza mara tatu, usingizi ulinipotea.

Na jambo ambalo hakuna wakala atakwambia kwa sababu halimlipi: viko vyuo vichache huku, Harvard, Yale, Princeton, Amherst, ambavyo havitazami mfuko wa mwombaji hata akiwa mgeni, na ukiingia wanafidia kila kitu ambacho familia haiwezi. Kuingia ni kama kupita tundu la sindano, sikudanganyi. Ila Harvard haina hata shahada ya kwanza inayoitwa Fedha. Watu wanasoma uchumi, hesabu, wengine historia, na mabenki yanapiga foleni mlangoni. Kwa hiyo akitaka Marekani, ajaribu hizo mwaka ujao, ila aulize kwanza kila chuo kinampokeaje mtu aliyekwisha kuanza chuo kingine. Gharama yake ni mitihani na muda, ekari hata moja haiguswi.

Shangazi_Bombo

Nimesoma hii mara mbili kwa sauti, mara ya pili kaka akiwa amekaa hapo. Amenyamaza. Kisha ameniuliza wakala analipwa na nani. Nikampigia wakala nikamwuliza. Amesema "chuo kinatushukuru kidogo". Kidogo kiasi gani hakusema.

Nilimwuliza na lile swali la wahitimu. Ameniletea picha ya majengo. Wallahi.

Mpita_Busia

Hahaha, pole shangazi.

Mimi ni Mganda niliye Nairobi, natokea Busia upande wetu. Nitasema la Strathmore kwa sababu limetajwa halafu mkalipita. Wana shahada ya Sayansi ya Biashara yenye njia tatu: Takwimu Bima, Fedha, na Uchumi wa Fedha. Ni miaka minne, hesabu yake si ya mchezo, mwaka wa kwanza watu wanalia. Si rahisi kwa bei pia, lakini kuna misaada ya masomo ya kuombwa, na maombi hayo yana tarehe zake za mapema, msisubiri.

Faida kubwa iko kwenye mji wenyewe. Hapa mamlaka ya masoko ya mitaji inatoa leseni ya kitu kinachoitwa benki ya uwekezaji kwa jina hilohilo. Dyer & Blair, Faida, Standard Investment Bank, hao wote wako mjini hapa. Mwanafunzi anaweza kutoka darasani saa nane akaenda kuketi ofisini kwa dalali mpaka jioni. Safaricom ilipouzwa 2008, hisa bilioni 10 kwa shilingi tano ya Kenya, kizazi kizima cha vijana wa hapa kilijifunzia kazi kwenye lile dili moja. Kubwa kama hizo zimeadimika hata Nairobi, msidanganywe, lakini dili za makampuni binafsi kununuliwa na mifuko ya nje hazikauki, na nyingi za Kampala zinapikwa hapa kisha mnaletewa kutia saini.

Kuvuka mpaka ni kwa kitambulisho cha taifa tu, ila kusoma anahitaji kibali cha mwanafunzi. Basi la usiku anapanda Kampala jioni, asubuhi yuko huku. Akiumwa mnamfikia. Ohio mtamfikiaje?

Msomi_wa_Kikoni

Mbona hakuna aliyetaja CFA, ile mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa fedha? Afanye CFA tu, hizo shahada zote ni makaratasi.

Dalali_Mstaafu

Msomi, wangapi nimewaona na ngazi ya kwanza ya CFA wakitafuta kazi ya karani! Ngazi ya kwanza ni maswali 180 kwa siku moja, yanapima kama unaijua lugha ya fedha. Ni mtihani mzuri, naheshimu wanaoumaliza, ngazi tatu si utani. Lakini cheti chenyewe hupati mpaka uwe na saa 4,000 za kazi inayohusika, kwa hiyo hakikutafutii kazi, kinakukuta kazini. Na ngazi ya kwanza peke yake inapita dola 1,000 usipopata punguzo. Punguzo lipo, wanaliita ufadhili wa kufikia, aombe. Mwanafunzi anaruhusiwa kukaa mtihani ikiwa imebaki miezi 23 au chini amalize chuo. Kwa shahada ya miaka mitatu ya kwetu, ina maana anaanza kufikiria mwaka wa pili, si leo.

Kama njia yake itapitia makampuni ya ukaguzi, basi vyeti vya uhasibu, CPA ya hapa au ACCA, vina maana zaidi miaka ya mwanzo. ACCA ina karatasi 13, na mwenye shahada inayofaa anasamehewa mpaka tisa.

Kitu kimoja ambacho hakina gharama: hao CFA wana shindano la wanafunzi wa vyuo, timu ya watu watatu mpaka watano, mnapewa kampuni iliyoko sokoni, mnaandika ripoti ya thamani yake na kuitetea mbele ya watu wa kazi hiyo. Popote atakapokwenda, aulize timu iko wapi. Nilikaa kusikiliza vijana mara moja, na nilirudi ofisini na majina mawili mfukoni.

Kijana_wa_Nakawa

Hapo mzee umesema. Mwenzangu wa darasa aliingia SBG kwa njia ya kujulikana namna hiyo, si kwa kutuma maombi.

Mwalimu_Arua

Kwa hiyo tunarudi palepale. Hesabu kwanza.

Kijana_wa_Nakawa

Mwalimu, hesabu na watu. Mtu wa Takwimu Bima asiyejua kuongea atahesabu wajane wa kampuni ya bima mpaka astaafu.

Mwalimu_Arua

Na mtu wa Nakawa asiyejua hesabu atakunywa soda Lugogo.

Rolex_Mbili

Moto!

Shangazi_Bombo

Nimerudi. Kikao kimekwisha jana, kilianza saa nne kikaisha baada ya alasiri, watu wakala wakarudia.

Shamba haliuzwi. Kaka mwenyewe ndiye aliyesema, kabla ya mimi kufungua mdomo. Alisema kama swali la picha ya majengo halina jibu, basi hata yeye hana. Baba mdogo mmoja alipinga, akasema tunaogopa ndege. Tulimwacha aseme.

Tumekubaliana hivi. Fomu ya serikali inakwenda kama mwalimu alivyopanga, Takwimu Bima, Takwimu, kisha Fedha ya MUBS. Strathmore tumeomba pamoja na msaada wao wa masomo. Ukija mkubwa anakwenda Nairobi, ukija mdogo anabaki. Kahawa ya msimu huu kaka ataitenga kwa kompyuta ya maana, maana hii aliyonayo ikifungua Excel inapumua kama mzee wa pumu. Na hizo za Marekani zisizotazama mfuko atajaribu mwaka ujao, bila wakala.

Binti anataka kuandika mwenyewe, namwachia simu.

Shikamooni wakubwa. Ni mimi, Gavana. Asanteni sana wote, na mwalimu, samahani, Fizikia nilikuwa mgonjwa. Mzee Dalali, nimeanza kujenga modeli kama Kijana alivyosema. Nilichagua Umeme kwa sababu taarifa zao ni nyingi. Nimekwama sehemu moja. Profesa Damodaran anasema baada ya miaka ya makadirio unaweka thamani ya mwisho, kana kwamba kampuni itaishi milele. Lakini mkataba wa Umeme ulikuwa wa miaka 20 kuanzia 2005. Nikijifanya niko 2022, hiyo milele naiweka wapi?

Dalali_Mstaafu

Huiweki, mwanangu. Yupo mchambuzi wa mshahara mnono niliyemwona akiiweka. Kampuni ya mkataba ina kifo kilichoandikwa tarehe: unahesabu fedha zinazoingia mpaka Machi 2025, halafu badala ya milele unaandika mstari mmoja wa fidia, yaani uwekezaji waliouweka kwenye nyaya na nguzo ambao hawajaurudisha kupitia bei ya umeme. Mstari huo ndio kampuni nzima. Siku ilipofika serikali ililipa dola milioni 118, Umeme wakasema wanadai 292, mzozo ukaenda kwa wasuluhishi London. Kwa hiyo ukiwa 2022 usiweke namba moja. Weka ya serikali, weka ya Umeme, uone hisa moja inatembea kutoka wapi mpaka wapi.

Shangazi_Bombo

Ni Gavana tena. Fidia ni kwa dola na hisa ni kwa shilingi. Natumia dola ya 2022 au ya 2025?

Dalali_Mstaafu

Ya 2025, na kwa kuwa uko 2022 huijui, inabidi uikisie na uandike pembeni umekisia kwa nini. Tuma faili ukimaliza. Naenda kulisha kuku.